Kapteni Thomas Coram, Baba wa Watoto wa Kuokotwa

Mhariri ameniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri katika sehemu yetu ya Kiswahili, nami nimemchagua mtu ambaye huenda wengi wenu hamjapata kulisikia jina lake. Hakuwa mfalme wala jemadari. Alikuwa baharia na fundi wa kuunda merikebu, mtu wa maneno makali, asiyejaliwa mtoto hata mmoja. Lakini nilipozisoma habari zake niliona kana kwamba nasoma habari za nyumba niliyolelewa mimi mwenyewe hapa Uganda. Sababu nitaieleza mwishoni, maana ni jambo nililolificha tangu nilipokuwa mwanafunzi wa shule hii.

Jina lake lilinifikia hivi. Mwaka 2009 nilikuwa London kwa masomo ya miezi michache. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa natembea bila haraka, nikaona uwanja mpana wenye miti mirefu, na ndani yake watoto wanacheza mpira. Nikataka kuingia nikae kidogo kivulini. Langoni nikakuta kibao kimeandikwa kwamba mtu mzima haruhusiwi kuingia isipokuwa amefuatana na mtoto. Nikacheka peke yangu. Kwetu nimezoea kuona vibao vya kuwakataza watoto, na hiki kilinikataza mimi mtu mzima! Nikamwuliza mpita njia uwanja huu ni wa nani, akaniambia unaitwa Coram's Fields, yaani Viwanja vya Coram, akanielekeza na nyumba ya makumbusho iliyo jirani. Niliingia humo asubuhi, nikatoka jua linakaribia kuchwa.

Basi, Thomas Coram alizaliwa yapata mwaka 1668 katika mji mdogo wa Lyme Regis, pwani ya kusini ya Uingereza. Mama yake alikufa yeye angali mtoto mdogo sana. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja na nusu, baba yake alimpeleka baharini kufanya kazi katika merikebu. Hakukaa shuleni muda mrefu, na mpaka uzeeni mwandiko wake na maneno yake yalikuwa ya kibaharia. Baadaye akawekwa kwa fundi mmoja kujifunza kuunda merikebu, akaijua kazi hiyo vizuri.

Mwaka 1694 alivuka bahari akaenda Boston, Marekani, ambako wakati ule ilikuwa nchi chini ya Waingereza. Akafungua karakana ya kuunda merikebu karibu na mji wa Taunton. Mwaka 1700 alimwoa binti wa Boston aliyeitwa Eunice, nao wakaishi pamoja kwa mapatano makubwa miaka 40. Lakini na majirani zake hakupatana. Yeye alikuwa wa dhehebu jingine, tena hakujua kunyamaza alipoona jambo baya. Wakashitakiana mara nyingi barazani. Hata hivyo, kabla ya kuondoka huko aliandika hati mwaka 1703 kuwapa watu wa Taunton eka 59 za ardhi yake, ili siku moja ijengwe kanisa au shule. Wasomaji, hapo mnaweza kuitambua tabia yake. Watu walimtesa, naye akawaachia shamba la kujenga shule.

Alirudi Uingereza yapata mwaka 1704, akaendelea na biashara ya baharini. Nyumba yake ilikuwa Rotherhithe, kandokando ya mto Thames, na kazi zake zilikuwa katikati ya mji wa London. Kila siku alikwenda alfajiri na kurudi usiku, na katika njia ile aliona mambo yaliyomwondolea raha. Watoto wachanga walikuwa wametupwa kando ya barabara na juu ya majaa. Wengine walikuwa hai, wengine wanakata roho, wengine wamekwisha kufa. Watu walipita, kwa kuwa walikwisha kuzoea. Yeye hakuzoea.

Huenda mtauliza, mama gani awezaye kumtupa mwanawe? Tusiwe wepesi wa kuhukumu. London ya siku zile ilikuwa imejaa wasichana waliotoka mashambani kuja kufanya kazi za nyumbani. Msichana akipata mimba bila mume, alifukuzwa kazi siku ile ile, na hakuna aliyempa kazi nyingine. Wengine walikuwa wake za watu, lakini waume wamekufa au wamekwenda vitani na baharini wasirudi. Mama wa namna hii alikuwa hana nyumba, hana chakula, na maziwa yamekauka kwa njaa.

Coram alitaka ijengwe nyumba ya kuwapokea watoto hao, kama zilivyokuwapo tayari katika miji mikubwa ya Ufaransa na Italia. Alifikiri watu wote watamwunga mkono, kumbe sivyo. Matajiri walimjibu kwamba nyumba kama hiyo itawapa wanawake ruhusa ya kutenda dhambi. Tena, ili kuikusanyia fedha kazi kubwa namna ile, ilihitajika hati ya mfalme, na hapana mkubwa aliyekubali kuipeleka habari ile mbele ya mfalme. Coram hakuwa na jamaa jumbani wala hakujua maneno matamu. Akaanza kubisha hodi mlango kwa mlango, na kazi hiyo ilimchukua miaka 17.

Siku nyingi zilipopita akapata shauri jipya. Aliona kwamba waume wakimkataa, afadhali awaendee wake zao. Mwaka 1729 bibi wa ukoo mkubwa, Charlotte, mke wa Mtemi wa Somerset, alitia sahihi barua ya kumwomba mfalme. Huyo alikuwa wa kwanza. Hata kufikia mwaka 1735 mabibi 21 walikuwa wametia sahihi zao. Hapo waume walianza kuona haya, maana wake zao wametangulia katika jambo la huruma. Lakini msidhani njia ilikuwa imekwisha kunyooka. Mwishoni mwa mwaka 1737 Coram alikwenda katika jumba la kifalme kumwomba binti wa mfalme atie sahihi pia, na bibi mmoja wa mle jumbani akamkaripia na kumfukuza na barua yake mkononi. Alikuwa mzee wa karibu miaka 70. Akaondoka, akaenda kubisha hodi mahali pengine.

Tarehe 17 Oktoba, 1739, Mfalme George wa Pili alitoa hati. Ikaundwa halmashauri ya wakuu wengi, na Coram akiwa mmojawapo. Nyumba ikaitwa Foundling Hospital. Neno Hospital siku zile halikuwa na maana ya wagonjwa tu. Lilikuwa na maana ya nyumba ya kuwakaribisha wahitaji. Bibi Eunice hakuiona nyumba ikifunguliwa, kwani alikufa mwaka 1740. Mzee akabaki peke yake.

Usiku wa tarehe 25 Machi, 1741, mlango ulifunguliwa katika nyumba ya kupanga huko Hatton Garden, London. Taa ya mlangoni ilizimwa, ili akina mama wasijulikane nyuso zao. Hata kabla ya saa sita ya usiku watoto 30 walikuwa wamepokelewa, na nafasi ikawa imekwisha. Nje walibaki wanawake wengine na watoto wao mikononi, wakilia. Watoto walipobatizwa, wawili wa kwanza, mvulana na msichana, walipewa majina ya Thomas Coram na Eunice Coram. Ndivyo mtu yule asiyekuwa na mtoto alivyopata watoto wenye jina lake na jina la mkewe.

Katika makumbusho nilionyeshwa vitu ambavyo akina mama waliviacha pamoja na watoto wao. Kulikuwa na kipande cha kitambaa, kifungo, sarafu iliyochongwa, hata ganda la kokwa. Vitu hivi viliwekwa viwe alama, ili mama akipata nafuu siku moja aweze kurudi na kumtambua mwanawe. Wachache sana waliweza kurudi. Na kwa sababu walioomba nafasi walikuwa wengi mno, tangu mwaka 1742 mama alitakiwa kutia mkono katika mfuko na kutoa tufe. Akitoa jeupe, mtoto alipokelewa akionekana hana ugonjwa wa kuambukiza. Akitoa jekundu, alingoja. Akitoa jeusi, alirudi naye. Nilisimama mbele ya maelezo hayo kwa muda mrefu, nikamfikiri mama anayetoa jeusi.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Watu wengi wakisikia habari za Coram hufikiri juu ya jumba kubwa tu. Lakini watoto wachanga hawakulelewa katika lile jumba. Madaktari waliwashauri wakuu kwamba mtoto mchanga anayenyonyeshwa ana tumaini la kuishi kuliko anayelishwa uji kwa kijiko. Basi kila mtoto alipelekwa shambani, mbali na moshi na maradhi ya mji, kwa mama mwenye maziwa. Mama huyo alikuwa mke wa mkulima au wa kibarua, ana watoto wake, ana kazi zake. Alimchukua mtoto asiyemjua, akamnyonyesha, akamlea nyumbani mwake mpaka alipofika umri wa miaka mitano hivi. Alilipwa ujira mdogo kila juma, na nguo za mtoto zililetwa.

Nani alimtafuta mama huyo? Nani alimpelekea ujira na nguo, akamtazama mtoto kama anakua, akamwita mganga mtoto alipougua? Hapo ndipo palipokuwa na watu wengine, ambao leo hawakumbukwi sana. Waliitwa wasimamizi. Walikuwa mabibi na mabwana wa vijiji vile, wengine wake za makasisi, na hawakulipwa kitu. Kila msimamizi alikuwa na nyumba zake za kuzizungukia, na aliandika barua London kueleza hali ya kila mtoto na kila mama. Coram alipiga hodi katika milango ya wakubwa. Wasimamizi walipiga hodi katika milango ya walezi. Pasipo hodi hii ya pili, ile ya kwanza isingaliokoa mtoto yeyote.

Kila mtu alitoa alichokuwa nacho. Mchoraji William Hogarth aliichora sura ya Coram mwaka 1740, mzee amevaa koti jekundu, akaitoa picha ile iwe mali ya nyumba. Wachoraji wenzake wakafuata, na matajiri waliokuja kuzitazama picha wakatoa fedha. George Frideric Handel, mtunzi wa muziki, mwaka 1750 aliongoza muziki wake uitwao Messiah katika kanisa la nyumba ile, na fedha za kiingilio zikawa za watoto. Muziki ule ukapigwa huko kila mwaka. Lakini Hogarth hakuishia kutoa picha. Yeye na mkewe Jane hawakuwa na mtoto. Akawa msimamizi wa walezi huko Chiswick, na katika nyumba yao wenyewe wakawalea watoto kadhaa. Huyo alitoa mali, akatoa na nafasi mezani pake.

Na Coram je? Haikupita miaka mingi akagombana na halmashauri. Aliona mambo ambayo hakuyapenda katika uendeshaji wa nyumba, akayasema wazi kama ilivyokuwa desturi yake, nao wakachukizwa. Mwaka 1742 hakuchaguliwa tena. Nyumba aliyoihangaikia miaka 17 ikawa haina kiti chake. Lakini hakuacha kwenda kuwatazama watoto, na zaidi ya ishirini kati yao alisimama kuwa baba yao wa ubatizo.

Mali yake ilikuwa imekwisha. Rafiki zake walipotambua hali yake walitaka kumchangia, ila wakaogopa kumvunjia heshima, ikabidi wamwulize kwanza. Mzee akawajibu kwamba mali kidogo aliyokuwa nayo hakuitumia katika anasa, kwa hiyo haoni haya kukiri kwamba katika uzee wake ni maskini. Basi wakamchangia, akawa akipata pauni zaidi kidogo ya 160 kwa mwaka. Nawaomba mlishike jibu hilo, maana nitalirudia.

Thomas Coram alikufa tarehe 29 Machi, 1751, akiwa na umri wa miaka 83 hivi. Akazikwa katika kanisa la watoto wake, chini ya madhabahu. Siku hizi kaburi lake limo katika kanisa la Mtakatifu Andrew, Holborn, London.

Baada ya kufa kwake lilitokea jambo la kuhuzunisha ambalo lina fundisho kubwa. Mwaka 1756 Bunge lilikubali kutoa fedha nyingi, kwa sharti kwamba kila mtoto apokelewe pasipo kupiga kura ya tufe. Kikapu kikatundikwa langoni pamoja na kengele. Watoto wakaletwa kutoka pande zote za nchi, wengine wakiwa tayari wako taabani kwa safari. Kwa muda wa miaka minne walipokelewa watoto karibu 15,000, na zaidi ya 10,000 kati yao wakafa. Fedha zilikuwako, na lango lilikuwa wazi. Lakini akina mama wa kunyonyesha hawakutosha, na wasimamizi hawakutosha. Mwaka 1760 Bunge likakomesha mpango huo. Wasomaji, fedha haimbebi mtoto mgongoni.

Nisiwafiche, hata wakati wa mambo mema mpango ule ulikuwa na kasoro yake. Mtoto alipofika miaka mitano alitolewa kwa mama aliyemlea, akarudishwa London katika jumba, na wengi walilia pande zote mbili, mtoto na mlezi. Wako walezi walioomba kubaki na mtoto moja kwa moja. Waingereza walichukua zaidi ya miaka 200 kuliona hilo sawasawa. Katika miaka ya 1950 shule ya bweni ya watoto hao ilifungwa, na chama kile kikafuata njia ya kuwatafutia watoto nyumba na wazazi. Chama hicho kipo hata leo, kinaitwa Coram, na moja ya kazi zake ni kuwasaidia wale wanaowachukua watoto wa wenzao wawe watoto wao. Lile jumba la zamani limebomolewa. Mahali pake ndipo penye uwanja wenye kibao kile langoni.

Sasa nitimize ahadi yangu.

Mimi sikuzaliwa katika nyumba niliyokulia. Mama yangu alipokufa nilichukuliwa na bibi mmoja mjane, jirani tu, asiyekuwa na undugu nami. Tulimwita Jaja, kama tunavyomwita bibi huku kwetu. Tulikuwa watoto wanne mle ndani, wala hakuna aliyemzaa yeye. Nyumba ilikuwa karibu na shule, nami nilikuwa mwanafunzi wa kutwa. Kwa wenzangu nilisema kwamba Jaja ni mama yake baba, na sare yangu imelipiwa na mjomba aliye Kampala. Mjomba huyo hakuwapo duniani.

Nilipokuwa kidato cha pili, shule ilikuwa na kikundi cha wanafunzi kilichokwenda Jumamosi kusaidia nyumba za jirani. Kila mmoja alichanga senti kidogo, na zaidi ya hapo alitoa mikono yake. Jumamosi moja nikiwa nyumbani nikasikia sauti ninazozijua. Wenzangu walikuwa wanakuja njiani na majerikeni ya maji na mizigo ya kuni, kwa Jaja! Nikakimbilia migombani nikajificha. Kutoka huko niliwaona wakijaza mtungi, wakipasua kuni, wakiziba paa la jiko lililokuwa linavuja. Mmoja alikaa na wadogo zangu chini ya mwembe akawafundisha hesabu. Jaja alikaa mkekani na kunyoosha miguu. Nilikuwa sijapata kumwona amekaa namna ile mchana.

Kiongozi wa kikundi alipokwenda kukata kamba za mgomba alinikuta nimechutama. Alinitazama, nikamtazama. Hakusema neno, wala Jumatatu hakumwambia mtu. Jumamosi iliyofuata alikuja tena, akanipa ncha moja ya gogo, yeye akashika ya pili, tukalibeba pamoja mpaka uani.

Usiku ule Jaja aliniuliza kwa nini nilijificha. Nikanyamaza. Akaniambia kwamba kunipenda hakukuwa kazi kwake, na hakuhitaji kusaidiwa katika hilo. Kazi ilikuwa maji, na kuni, na karo, na mtu wa kukaa na mgonjwa yeye anapokwenda shamba. Mtu akimpunguzia hayo, basi anamwachia nafasi ya kuwa mama. Haya ya nini? Miaka mingi baadaye, kule London, nilipolisoma jibu la Kapteni Coram kwa rafiki zake, nilimsikia Jaja. Yeye hakuona haya kusaidiwa, na mzee yule hakuona haya. Ni mimi tu niliyeona haya.

Jaja amekwisha kufariki. Sisi wanne tulimzika, na jirani waliokuja hawakuuliza nani alizaliwa na nani. Mmoja wetu ni mwuguzi, mmoja ni fundi wa magari, mmoja ni mkulima, na mimi ni mwalimu. Naona ni haki sasa niseme wazi kwamba sikuwa na mjomba Kampala. Sare yangu ililipiwa na senti za wanafunzi wa shule hii, na jikoni kwetu hapakuvuja kwa sababu ya mikono yao.

Kwa hiyo, ninyi mlioko shuleni, nawaomba jambo dogo. Karibu na kila shule yetu kuna nyumba inayolea mtoto wa mwingine. Iendeeni. Kabla ya kupeleka kitu mwulizeni mlezi anahitaji nini, maana huenda mnabeba nguo naye anatafuta maji. Msimwite mtoto yatima mbele ya wenzake. Mkienda mara moja msiache. Nendeni na Jumamosi inayofuata, kama wale wasimamizi wa zamani. Na ninyi wenzangu wa zamani, ambao sasa mnapokea mishahara, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Karo ya mtoto mmoja kwa muhula mmoja huweza kumwondolea mlezi mzigo asioweza kuusema. Na yule ambaye Mungu amempa nafasi ya kumchukua mtoto nyumbani kwake moja kwa moja, afuate sheria ya nchi, apite kwa ofisa wa ustawi wa jamii, ili mtoto awe salama na mlezi awe salama.

Na kama yuko mwanafunzi anayeisoma habari hii, naye pia amejificha migombani, namwambia atoke. Ashike ncha moja ya gogo.

Ni mimi, mwanafunzi wenu wa zamani.